Maswali ya Wasomaji: Je, nafuu ya kodi ni sababu ya kununua nyumba?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi mjini Nakuru na mshahara wangu ni KSh 150,000 kabla ya makato. Ninapanga nyumba kwa KSh 25,000 kwa mwezi. Dalali ananihimiza ninunue nyumba ya KSh 5,000,000, nitoe milioni moja na kukopa zilizobaki kwa riba ya asilimia 12 kwa miaka 20. Anasema serikali itanirudishia KSh 30,000 ya riba kila mwezi. Je, ni kweli?

JIBU: Si kweli, dada, ingawa kiasi alichokitaja kimo katika sheria. Tangu mwishoni mwa Desemba 2024, mtu anayelipa riba ya mkopo wa nyumba anayoishi mwenyewe anaruhusiwa kuondoa hadi KSh 360,000 kwa mwaka, yaani 30,000 kwa mwezi, kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi. Awali kikomo kilikuwa 300,000. Kinachopunguzwa ni mapato, wala si kodi yenyewe. Kwa kuwa sehemu ya juu ya mshahara wako hutozwa kodi ya asilimia 30, utakachookoa ni KSh 9,000 kwa mwezi.

Kwa masharti uliyoyataja, utalipa takriban KSh 44,000 kila mwezi. Katika malipo ya kwanza, 40,000 ni riba tupu na ni kama 4,000 tu zinazopunguza deni. Ukiondoa nafuu ya kodi, nyumba itakugharimu KSh 35,000 kwa mwezi, elfu kumi zaidi ya unazolipa sasa, kabla ya bima, ada za kaunti na ukarabati. Ushuru wa stempu, unaolipwa serikalini umiliki unapohamishwa na ambao mijini ni asilimia 4 ya thamani, utakudai KSh 200,000 siku za mwanzo, na wakili naye atataka chake. Kuanzia mwaka wa kumi na moja hivi, riba itashuka chini ya kikomo, na nafuu itaendelea kupungua.

Hata hivyo sisemi usinunue. Mwenye nyumba hapandishiwi kodi ya pango wala haambiwi ahame watoto wakiwa katikati ya muhula, na deni likiisha anabaki na hatimiliki. Hizo ndizo sababu za kununua, nazo zina uzito kwa anayejua kwamba atakaa mahali hapo miaka mingi. Nafuu ya kodi ni nyongeza tu, na dalali anayeitanguliza katika mazungumzo anatafuta kamisheni yake.

Kwa hiyo jiulize kwanza kuhusu uhamisho, jambo ambalo wauguzi mnalijua vizuri. Ukipelekwa kaunti nyingine na kuipangisha nyumba hiyo kwa KSh 25,000, itakuwa si makazi yako tena na nafuu itakoma. Isitoshe, pango la mwaka litakuwa KSh 300,000, na mapato ya pango la makazi yanayozidi 288,000 hutozwa asilimia 7.5 ya jumla bila kuondoa riba wala gharama nyingine, isipokuwa mwenyewe uchague utaratibu wa kawaida wa kodi ya mapato. Banki nayo itaendelea kudai zile 44,000.

Ukiamua kununua, uliza pia kama banki au sacco yako inapata fedha kutoka Kampuni ya Ufadhili wa Rehani ya Kenya (KMRC). Kampuni hiyo haikopeshi watu binafsi, lakini mikopo inayoiwezesha kwa kawaida huwa na riba nafuu kuliko hiyo uliyotajiwa. Kisha mpe mwajiri wako cheti cha riba kutoka kwa mkopeshaji ili aizingatie anapokata kodi ya mshahara. Asipofanya hivyo, idai mwenyewe unapowasilisha ritani yako, yaani taarifa ya mapato ya mwaka, kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kabla ya tarehe 30 Juni.