Kamera ya rivasi kwenye Noah: fundi asitoboe mlango

Mkuu, umesema fundi anataka umeme wa kamera autoe kwenye redio yenye skrini "ili iwake muda wote", na kwamba lazima atoboe mlango wa nyuma. Yote mawili mkatalie.

Nimefunga kwenye Noah yangu, na baadaye kwenye gari za jamaa kadhaa hapa mtaani. Kamera yenyewe mara nyingi haina neno, hata hizi za bei chee za Kariakoo. Kinachosumbua watu ni waya.

Umeme uchukue kwenye taa ya rivasi. Injini izimwe, hendibreki juu, swichi iwe ON, mtu akae ndani aingize rivasi. Wewe uko nyuma na mita: waya unaosoma volti 12 gia ikiingia na kufa gia ikitoka, ndio huohuo. Waya wa chanya wa kamera uuchomee hapo kwa risasi, usiusokote na kuuvisha selotepu, halafu weka na kifyuzi kidogo. Ule mweusi wa kamera (hasi) upeleke kwenye bolti ya bodi, ila kwangua rangi kwanza mpaka uone chuma. Kamera ikiungwa kwenye waya wa betri usiozimika, iwake muda wote kama anavyotaka fundi wako, kuna asubuhi utaamka betri imelala.

Sasa angalia ule waya mrefu wa video. Kuna mwembamba mwekundu umeambatana nao, unachomoza ncha zote mbili. Mafundi wengi wanaukata wakidhani ni urembo. Huo ndio unaoiambia redio kwamba gari imeingia rivasi: nyuma unaungwa pamoja na chanya ya taa ya rivasi, mbele unaungwa kwenye waya wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Bila huo utakuwa unabonyeza skrini kila ukirudi nyuma, na wanaokusubiri wanapiga honi.

Kwenye mlango, waya upite ndani ya ule mpira wenye mikunjo ulio juu karibu na bawaba, pamoja na nyaya za kiwandani. Ni kazi ya kutoa jasho, sikufichi. Pakaza maji ya sabuni, tanguliza waya mgumu, kisha vuta taratibu, na uache ulegevu kidogo. Wakiupitisha pembeni ya mlango utabanwa kila ukifunga buti, mwishowe unakatika ndani kwa ndani na wewe unailaumu kamera. Kamera nayo ikae juu ya kibao cha namba, ishikwe na skrubu zilezile za kibao. Tundu jipya kwenye bati, kwa hewa hii ya chumvi ya Dar, ni kukaribisha kutu.

Kabla fundi hajarudisha plastiki za mlango, mtu asimame nyuma upande wa kushoto wa gari. Kwenye skrini aonekane kushoto. Akitokea kulia, kamera nyingi zina vitanzi viwili vidogo vya waya: kimoja kinageuza picha, kingine kinaondoa mistari. Soma karatasi yake kabla ya kukata, maana rangi zinatofautiana.

Vijana wa kuosha magari waambie wasiielekezee mashine ya presha. Kuzuia mvua ni jambo moja, ile bomba ni jambo lingine.

Na wewe uliyeuliza kuhusu kamera ya kufunga kwenye lori lako la Fuso: gari yako ni volti 24. Kamera iliyoandikwa 12V tu itaungua. Nunua ya 12–24V au ufunge kipunguza volti.