Kabla ya Kuzipanga Hospitali kwa Nafasi: Kwa Maafisa Takwimu Wapya

Ukipangiwa kazi katika ofisi ya mganga mkuu wa mkoa, hutakaa muda mrefu kabla ya kuagizwa uandae jedwali la kuonyesha ni hospitali ipi ya serikali inafanya vizuri na ipi inasuasua. Takwimu utazikuta katika DHIS2, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya, na grafu utaipata kwa dakika chache, lakini mfumo huo hauwezi kukueleza lolote kuhusu yaliyotokea kabla namba haijaingizwa. Nenda kwanza wodini, uombe vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za karatasi zinakoandikwa taarifa za huduma, vya miezi ya karibuni, na ukae navyo.

Rejesta ya wodi ya wazazi ndiyo ipewe muda mwingi. Chukulia mama aliyefikishwa usiku kutoka kituo cha afya akiwa anatokwa na damu nyingi, akafariki kabla hakujapambazuka. Kituo kilichomtuma kimeandika "rufaa" na taarifa yake ya mwezi haina kifo. Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyompokea imekibeba kifo hicho peke yake. Ukiiweka hospitali hiyo safu moja na hospitali za wilaya, itaonekana mbovu kwa sababu ya kutimiza wajibu iliyoanzishiwa, yaani kupokea walioshindikana kwingine. Tenganisha waliokuja kwa rufaa na waliokuja wenyewe, na usichanganye ngazi mbili katika jedwali moja hata mkubwa wako akisisitiza. Akizidi kusisitiza, mpe majedwali mawili.

Hali ni hiyo hiyo kwa upasuaji wa kujifungua. Wageni wengi katika kazi hii huja na asilimia 10 hadi 15 ya uzazi wote kichwani, wakaihukumu kila hospitali iliyovuka hapo, ilhali kiwango hicho kilikusudiwa kwa jamii nzima, si kwa jengo moja linalopokea wenye matatizo. Tangu 2015 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mgawanyo wa Robson, unaowaweka wajawazito wote katika makundi 10 kwa kuangalia mambo kama uzazi uliotangulia, umri wa mimba na mlalo wa mtoto. Ukishawagawa hivyo, unaweza kulinganisha kundi kwa kundi.

Kisha chunguza asili, ile namba ya chini unayogawia. Jedwali alilolitumia Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, mwaka 1863 lilizipa hospitali 24 za London vifo vya asilimia 90.84, kwa sababu vifo vya mwaka mzima viligawanywa kwa wagonjwa waliokutwa wamelazwa siku moja tu; wakosoaji walimwandama, na walikuwa na hoja. Huku kwetu tatizo hujitokeza zaidi kwenye vitanda. Hospitali yenye vitanda rasmi 100 ina siku za kitanda 3,000 katika mwezi wa Juni. Ikiwa jumla ya waliolala kila usiku ni 3,450, utapata matumizi ya vitanda ya asilimia 115. Usidhani ni kosa la hesabu mpaka umeona kama kuna wanaolala wawili wawili au kwenye magodoro ya sakafuni.

Namba ndogo nazo zinahadaa. Hospitali yenye vizazi hai 2,000 kwa mwaka ikipoteza mama mmoja, uwiano wake ni vifo 50 kwa kila vizazi hai 100,000. Ikipoteza wawili, unaruka hadi 100. Hapo jumlisha miaka mitatu au zaidi kabla ya kutamka kwamba huduma imeshuka.

Kuhusu nyota ambazo vituo vya afya vya Tanzania hupewa kwa ubora, zile za tathmini iliyoanza 2015/16 kwa vituo vya ngazi ya msingi, nina neno fupi: zilipima zaidi uongozi, miundombinu, usafi na utaratibu wa huduma, kwa hiyo usizisome kama kipimo cha waliopona.

Jedwali likikamilika, lipeleke kwa waganga wafawidhi, yaani wakuu wa hospitali hizo, kabla ya kikao, na uwape nafasi ya kuandika maelezo yao chini ya namba zao. Mara nyingi ni hapo utakaposikia kwamba chumba cha upasuaji kilifungwa kwa ukarabati, au kwamba daktari pekee wa upasuaji alikuwa masomoni.