Kuhusu lile tangi lako

Mwanangu,

Salaam nyingi kutoka Shimoni. Huku hatujambo. Goti la mama yako bado linamsumbua, na bado hataki mtu amkunie nazi.

Sauti uliyotuma Ijumaa nimeisikiliza mara tatu. Unasema nilikaa kwako Hamburg wiki sita, kila usiku navuta kiti mbele ya tangi lako la matumbawe, na mpaka napanda ndege sikutamka kama nimelipenda ama sikulipenda. "Sema tu, Baba, sitakasirika." Nimeona bora niandike, kwa sababu kwenye simu ningesema neno moja, na wewe ungelishika hilo hilo moja.

Nianze na nilichokiona. Nimezamia tangu nina miaka kumi na minne, na sikuwahi kutazama tumbawe likiamka. Baharini una pumzi moja: unashuka, unatafuta samaki, unapanda. Kwako nilikaa. Niliona taa zako zikitoka weupe zikiingia ubuluu, na lile tumbawe la matawi lenye ncha za zambarau likatoa vidole vyake vidogo, maelfu, kila kimoja kinapapasa maji. Nilimwona kangaja wa buluu, yule unayemwita kwa jina la Kijerumani, akisimama mbele ya pango la kamba mwekundu, kafungua mashavu, na kamba anaingia kumsafisha hadi mdomoni. Samaki mkorofi kama yule, anayefukuza kila kinachopita, katulia kama mtoto anayenyolewa. Nilizamia miaka ishirini na mitano na kangaja hakuwahi kutulia mbele yangu hata mara moja. Alinijua mimi ni nani.

Na nilikuona wewe. Jumapili asubuhi, kabla ya chai, unapima: chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, joto 25, kalsiamu miligramu 420, unaandika kwenye daftari. Unamwaga kile kikombe cha mtambo wa povu, ule unaochuja uchafu wa maji, maji yenye rangi ya chai ya rangi na harufu ya kaa aliyeoza. Unatoa lita 90 kati ya zile 900, unaingiza 90 nyingine ulizozikoroga chumvi tangu jana yake. Na lile pipa la maji matamu lenye kiboya, la kufidia yanayopungua, kwa kuwa jua na taa hula maji, hazili chumvi. Mtu yeyote wa mashamba ya chumvi ya Gongoni angekuelewa bila kuelezwa. Nilifurahi kuliko nilivyokuonyesha. Maneno yangu unayajua, umeyasikia tangu utotoni mpaka ukayachoka: samaki hafugwi, yanafugwa maji. Nikayaona yanafanywa sebuleni kwa mwanangu, kwa vipimo na daftari.

Mama yako yeye anafikiria sakafu tu. Tangu asikie habari za lile tangi la hotelini Berlin lililopasuka alfajiri ya tarehe 16 Desemba 2022 na kumwaga lita milioni moja, kila akiomba dua anakutaja wewe na sakafu yako. Nimemweleza kwamba lako ni tone ukilinganisha na lile, na kwamba umelisogeza kwenye ukuta unaobeba jengo. Mweleze na wewe.

Lakini hukuwahi kuniuliza nilikoyatoa hayo maneno ya kufuga maji. Nimeyatoa siku ya ndoo sita. Najua unaikumbuka siku hiyo.

Ilikuwa kaskazi, maji maangavu, ule wakati tuliokuwa tukikamata sana samaki hai wa kuuza kwa wenye matangi. Ulikuwa na miaka tisa. Alfajiri mimi na mjomba wako tulipata kangaja wa buluu kumi na mmoja na samaki vipepeo wawili, kwa wavu wa kuzungushia na vimia vya mkono. Gari la mnunuzi lilikuwa lifike saa mbili. Basi badala ya kuwaacha ndani ya lile pipa la matundu, baharini, niliwatoa nikawagawa kwenye ndoo sita chini ya mkungu. Nikakwambia, "Badilisha maji." Nikarudi majini. Gari halikuja mpaka saa saba.

Na ilikuwa bamvua. Saa tano bahari ilikuwa imetoka hadi karibu na mwamba, na mtoto wa miaka tisa hawezi kubeba ndoo umbali ule juu ya mawe. Ukafanya ulichoweza, ukachota kwenye dimbwi lililobaki mchangani. Maji ya dimbwi saa tano za kaskazi, ukitia mguu unautoa. Yamepikwa na jua, chumvi imezidi, na maji ya moto hayashiki hewa. Kila ulipobadilisha ulikuwa unawamaliza, nawe ukazidi kubadilisha kwa bidii kwa sababu baba amesema. Niliporudi walikuwa wamelala ubavu wote kumi na watatu, buluu imewatoka. Nikakuchapa kwa kipande cha kamba ya nanga mbele ya watu wote pale bandarini. Hukulia. Ulisema tu, "Nilibadilisha, Baba. Nilibadilisha."

Ulibadilisha. Kesho yake saa tano nilikwenda nikatia mkono kwenye lile dimbwi. Nikajua. Siku ile ile ningekuja kukwambia, sikuja. Nikaanza kusema samaki hafugwi, yanafugwa maji, watu wakayasifu kuwa ni maneno ya mtu mzima aliyeona mengi, na wewe kila ukiyasikia bila shaka ulidhani nakukumbusha kosa lako. Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyejua kuwa ni bamvua. Nilijua maji yatatoka, nami nikahesabu pesa.

Miaka miwili baadaye, 1998, lile dimbwi likawa bahari nzima. Mwezi wa tatu, wa nne, maji yalikuwa ya moto hata ukishuka chini. Wewe sasa unaelewa mambo haya kuliko mimi, jinsi tumbawe linavyobeba mwani mdogo ndani ya nyama yake na mwani huo ukalilisha kwa mwanga, na maji yakipata joto kwa wiki nyingi tumbawe linautema na kubaki jeupe, limeshika roho tu. Wakati ule mimi sikuelewa. Nilishuka nikakuta mwamba ninaoujua kama ua wa nyumba yetu umekuwa mweupe, kana kwamba kuna mtu amepita usiku na chokaa na brashi. Samaki bado wapo, wanazunguka juu ya weupe ule. Kisha ukaanza kuota majani ya kijivu, na hapo ndipo nilipojua umekufa. Pwani yetu ziko sehemu zilizopoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai mwaka ule. Nilipanda juu nikakaa kwenye mtumbwi, na hapakuwa na mtu wa kumchapa.

Sasa nikwambie jambo ambalo hulijui.

Ule usiku wa Januari, ukiwa zamu, niliamka saa nane. Kimya. Nyumba yako haina kimya, ina mngurumo wa pampu usiku kucha, mpaka nilikuwa nimeuzoea kama mtu anavyozoea mawimbi. Sebuleni taa zote ndogo za mitambo zimezima. Nilielewa kuwa swichi imejikata, ila iko wapi sikujua. Simu yako ukiwa kazini hufungiwa kabatini. Mkeo alikuwa amelala na mtoto, na mimi baba mkwe wake siwezi kugonga mlango wa chumba chake usiku wa manane kwa ajili ya samaki.

Baridi haikunitisha, lita 900 hazipoi upesi na nyumba yenu ina joto. Hewa ndiyo iliyonitisha. Gizani ule mwani wa ndani ya matumbawe hautoi hewa, bali nao unavuta kama samaki wanavyovuta, na maji yamesimama. Nikachukua lile jagi la sharubati, nikapanda kwenye kigoda, nikawa nachota na kumwaga kutoka juu ili maji yaingie na mapovu. Nachota, namwaga. Kila baada ya muda nawasha tochi ya simu kumtafuta kangaja. Alikuwa juu, karibu na uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio. Nikazidisha. Baada ya saa moja hivi mashavu yakapungua kasi. Nikaswali rakaa mbili upesi upesi, nikarudi kwenye kigoda.

Ulipoingia saa kumi na mbili na nusu ulinikuta mikono ya kanzu imelowa mpaka viwikoni. Ukasema, "Umeshatawadha, Baba?" Nikasema nimeshatawadha. Ukainua swichi ukumbini, pampu zikaunguruma, ukawatazama samaki ukasema bahati, umeme haukukatika muda mrefu. Sikusema kitu. Nilikuwa nimewahesabu, walikuwa kamili. Nikaenda kulala mpaka adhuhuri, mabega yanauma, nikacheka peke yangu chini ya blanketi kama mtoto aliyeficha embe.

Kwa hiyo unaponiuliza kama nililipenda tangi, sijui nianzie wapi. Yule kangaja hapatikani Atlantiki wala kwenye bahari yoyote iliyo karibu nanyi. Ni wa Bahari ya Hindi. Aliyemtoa ni mtu kama mimi, mahali fulani kati ya hapa na Indonesia, na labda palikuwa na mtoto analinda ndoo. Nilipowaza hivyo nilitaka kukwambia usinunue mwingine tena. Hapo hapo nikajijibu: ada yako ya sekondari ililipwa na kangaja. Siwezi kuilaani kazi ile huku cheti chako nimekitundika ukutani. Na ulipotaja bei uliyomnunulia nilitoka nje kwenye roshani, si kwa hasira juu yako.

Halafu matumbawe yako hukuyatoa baharini. Umeyapata kwa wenzako, vipande vilivyokatwa kwenye matangi ya watu na kukuzwa. Ile njia ya Berlin uliyonieleza, ya mawe hai, yaani mawe ya baharini yenye viumbe vidogo ndani yake, mtambo wa povu na taa kali, nilidhani ni mchezo wa watu wenye nafasi. Lakini vijana wa Wasini na Mkwiro wanafanya jambo la namna hiyo hiyo humu humu baharini: wanakata vipande vya matumbawe, wanavifunga, wanavishusha chini, na kila baada ya siku kadhaa wanazamia kuvisugua mwani. Mwezi uliopita walinichukua kwenye mashua yao. Nikawaonyesha ile video yako ukikata na kubandika. Mmoja akauliza unatumia gundi gani. Nimempa namba yako, atakuandikia, mjibu.

Tena najiambia: humo ndani joto ni 25 mwaka mzima, na huku nje hakuna mtu mwenye swichi ya kuipoza bahari. Pengine tumbawe lako litaishi kuliko la hapa mbele ya nyumba yetu. Hilo lilinituliza, siku mbili tatu. Kisha nikakaa tena kwenye kiti nikamtazama kangaja akienda mita mbili na kugeuka, mita mbili na kugeuka. Nilianza kumhesabu. Nikaacha kuhesabu.

Jibu ninalo. Nililiandika kwenye karatasi hii hii, mstari mmoja, nikaichana nikaanza upya, na hata sasa mkono unataka kurudi pale. Lakini niliwahi kukuhukumu mara moja kabla sijatia mkono majini.

Kile kiboya cha pipa la maji matamu kinanata. Nikiwa huko nilikigonga kwa kidole mara mbili ndipo kikashuka. Kibadilishe kabla hamjaenda likizo, kwani kikikwama maji matamu yatamiminika tangini mpaka yaishe pipani. Na mwonyeshe mkeo ile swichi ilipo, na kijana wako mkubwa, ila usimwachie tangi peke yake hata kama anasema anaweza. Nikija kiangazi nionyeshe na mimi.

Baba yako