Kabla Hujazilowanisha Bahasha za Marehemu

Baba yangu mkubwa alipofariki, niliachiwa bati la biskuti lililojaa barua alizoandikiwa enzi za ukarani wake Unguja. Nilikuwa na umri wa miaka 14, na kwa kuwa nilikwisha kusikia kwamba stempu za zamani ni mali, nilizilowanisha bahasha katika beseni la maji ya vuguvugu, nikabandua stempu moja baada ya nyingine, nikazigandisha kwa gundi ya shule kwenye daftari, kisha bahasha nikazitupa jalalani. Miaka mingi baadaye mzee mmoja mkusanyaji alilifungua daftari lile, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza bahasha ziko wapi. Ninawaandikia wale ambao bado hawajachota maji.

Kati ya stempu zile zilikuwemo zenye picha ya Sultani wa Zanzibar, na juu ya picha hiyo maneno JAMHURI 1964. Siku chache baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, akiba ya stempu iliyokuwepo iligongwa maneno hayo kwa muhuri wa mkono, na baadaye yakaja kuchapwa kwa mashine. Yaliyogongwa kwa mkono mara nyingi yamekaa upande au yamekolea wino kupita kiasi, ilhali ya mashine yamenyooka. Stempu ya namna hii inapokuwa bado juu ya bahasha yake, muhuri wa posta hutaja siku na mahali ilipotumika, na hapo ndipo mnunuzi hupata cha kuamini. Ikishabanduliwa, yeyote mwenye kidau cha wino na muhuri wa mpira anaweza kutengeneza inayofanana nayo.

Kosa langu la pili lilikuwa kudhani kwamba umri ndio bei. Penny Black ya Uingereza, stempu ya kwanza duniani ya kubandikwa kwenye barua, ilitolewa mwaka 1840, lakini zilichapwa zaidi ya milioni 68, na hadi leo zinapatikana. Kwa kuwa haikuwa na vitundu vya kuchania, karani aliikata kwa mkasi. Iliyobaki na ukingo mweupe pande zote nne huuzwa ghali mara nyingi kuliko ile ambayo mkasi umekula picha. Kinyume chake, mwaka 1895 mmisionari Ernest Millar alizipiga stempu za Uganda kwa taipureta, thamani yake ikihesabiwa kwa kauri, yaani simbi za baharini zilizotumika kama fedha. Kwa macho si za kupendeza hata kidogo, lakini zilizosalia ni chache na walioziiga ni wengi.

Ukishika katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, kwa mfano ya Stanley Gibbons, wauza stempu wa Uingereza, kumbuka kwamba tarakimu unayoiona ni bei ambayo muuzaji angeitoza kwa stempu isiyo na dosari. Ukienda kumuuzia wewe, atakupa sehemu tu ya fedha hiyo. Halafu hesabu meno ya ukingo wa stempu. Katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika za Mfalme George VI, zilizoanza kutolewa mwaka 1938, mbili zinazolingana kwa rangi na picha zaweza kutofautiana kwa idadi ya vitundu vya pembeni, moja ikawa ya kawaida na nyingine ikatafutwa kwa udi na uvumba. Za bei ya juu, kama zile za pauni moja, zitazame kwa kioo cha kukuzia, kwa sababu nyingi zilibandikwa kwenye hati za serikali na kufutwa kwa kalamu, na wapo wanaousafisha wino huo na kugonga muhuri bandia wa posta. Zile za Tanzania za miaka ya 1990 zenye nyota wa sinema, wapeni watoto wazichezee.

Sisi wa pwani tuna adui mwingine, unyevu, ambao huigandisha gundi ya stempu mpya ndani ya albamu. Ziweke mahali pakavu penye hewa, na uzishike kwa kibano, si kwa vidole.

Bahasha moja ilinusurika, kwa kuwa ilikuwa imenata kwenye sakafu ya bati. Mwaka jana mnunuzi mmoja aliipenda stempu yake, akaniomba niikate ile pembe tu nimuuzie. Nilimkaribisha chai, bahasha nikairudisha kabatini.