Maswali ya wasomaji: Kiporo si pointi

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu msimamo wa Ligi Kuu Tanzania Bara, hasa pale timu zinapokuwa hazijalingana mechi kwa sababu baadhi zina viporo, yaani mechi ambazo zilipaswa kuwa zimechezwa lakini bado. Tumeanza na swali lililorudiwa kuliko yote.

*Timu yangu ni ya pili. Kinara ana pointi 44 kwa mechi 18, sisi tuna 39 kwa mechi 16. Kijiweni wanasema viporo viwili ni pointi 6, kwa hiyo sisi ndio vinara halisi. Je, hesabu hiyo ni sahihi? – Msomaji, Mwanza*

Kiporo hakina pointi hata moja mpaka kichezwe. Lakini wenzako wa kijiweni hawako mbali na ukweli, ila wameshika hesabu kwa upande usiofaa. Acha kuhesabu pointi zilizokusanywa, hesabu zilizodondoshwa. Chukua mechi ambazo timu imecheza, zidisha kwa 3, kisha toa pointi ilizonazo. Kinara wenu amecheza 18, yaani angeweza kuwa na 54. Ana 44, amedondosha 10. Ninyi mngeweza kuwa na 48. Mna 39, mmedondosha 9. Mko mbele kwa pointi moja, tena kwa sharti la kushinda viporo vyote viwili. Sare moja tu na mnakuwa mmedondosha 11, nyuma yake kwa pointi moja.

Tunaipenda hesabu hii kwa sababu pointi iliyodondoshwa hairudi, iwe timu ina viporo au haina. Tazama msimu wa 2024/25. Mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba, iliyopangwa Machi 8 ilisogezwa hadi Juni 25, ikawa ya kufunga msimu. Kufikia siku hiyo Yanga na Simba walikuwa wamecheza mechi 29 kila mmoja, sawa na pointi 87 zilizowezekana. Yanga walikuwa nazo 79, Simba 78: waliodondosha 8 dhidi ya waliodondosha 9. Sare iliwatosha Wananchi, yaani Yanga. Wekundu wa Msimbazi, yaani Simba, walihitaji ushindi. Yanga wakashinda 2-0 na kumaliza na 82. Zile 8 walizozipoteza msimu mzima zilitokana na vipigo viwili, kwa Azam na kwa Tabora United, na sare moja na JKT Tanzania.

Hapo pia kuna mtego. Kwa miezi mitatu ile, mashabiki wa pande zote mbili walikuwa wakijiongezea pointi 3 za kiporo hichohicho. Kiporo kinachozikutanisha timu mbili zinazowania ubingwa hakiwezi kuhesabiwa kwa wote: lazima angalau mmoja adondoshe, na wakitoka sare wanadondosha wote.

Jambo la mwisho kuhusu viporo, na hili halionekani kwenye msimamo. Angalia kinachezwa wapi na lini. Timu inayorudi kutoka mechi ya mashindano ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika) nje ya nchi, ikapangiwa viporo kila baada ya siku tatu, kimoja Bukoba na kingine Kigoma, haina nafasi sawa na iliyopumzika wiki nzima. Majeruhi huongezeka, na kocha hulazimika kubadili kikosi nusu nzima. Kwa maoni yetu, kiporo cha ugenini katikati ya wiki kihesabiwe kama pointi moja, si tatu, mpaka matokeo yaseme vingine.

*Timu mbili zikilingana pointi, kinachoangaliwa kwanza si matokeo ya wao kwa wao? – Msomaji, Tanga*

Hapana, ni tofauti ya mabao. Ushahidi ni msimu wa 2023/24. Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69. Walipokutana, mechi moja ilikuwa sare ya 1-1, nyingine Simba wakashinda 3-0. Ingekuwa ni wao kwa wao, Simba wangekuwa wa pili. Azam ndio waliokaa juu kwa tofauti ya mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Kwa hiyo bao la nne katika mechi ambayo tayari imeshaamuliwa si la kuchezea.

*Pointi ngapi zinatosha kubaki Ligi Kuu? – Msomaji, Songea*

Hakuna idadi maalumu. Inabadilika kila msimu. Unachoweza kufanya ni kukokotoa kilele cha kila timu iliyo chini yenu: pointi ilizonazo, jumlisha mechi zilizobaki mara 3. Kisha tafuta timu ambazo kilele chao hakizifikii pointi mlizonazo leo. Zikiwa mbili, mmeepuka kushuka moja kwa moja, kwani ni ya 15 na ya 16 zinazoshuka bila mjadala. Zikiwa nne, mmesalimika kabisa.

Wengi hukosea kwa kumtazama anayeshika mkia peke yake na kusahau mchujo. Timu ya 13 na ya 14 hukutana nyumbani na ugenini. Mshindi anabaki. Aliyeshindwa hapewi mapumziko: anakutana na timu iliyotoka kwenye mchujo wa Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, nayo ina njaa ya kupanda. Mwaka 2023 Mbeya City walishindwa na KMC, kisha wakapoteza kwa Mashujaa ya Kigoma na kushuka. Mwaka 2025 Fountain Gate walishindwa na Prisons, lakini wakaiondoa Stand United na kubaki. Nafasi ya 12 ina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani.

*Kwa nini timu yetu ilipangiwa mechi mbili mfululizo ugenini? Ni hujuma? – Msomaji, Dodoma*

Si lazima iwe hujuma. Chukua karatasi. Andika namba 1 hadi 8 mstari wa juu, na chini yake 16 kurudi hadi 9, ili 1 iwe juu ya 16, 2 juu ya 15, na kuendelea. Jozi hizo ni raundi ya kwanza. Iache 1 palepale, nyingine zote zisogeze nafasi moja kwa kuzunguka. Hiyo ni raundi ya pili. Baada ya raundi 15 kila timu imekutana na zote. Geuza wenyeji kwa duru ya pili, unapata raundi 30 na mechi 240.

Ugumu ni kupanga nani awe mwenyeji. Timu mbili zenye mpangilio uleule wa nyumbani na ugenini haziwezi kukutana, maana siku hiyo lazima mmoja awe mgeni. Na mpangilio wa kupokezana bila kurudia uko wa aina mbili tu: unaoanzia nyumbani na unaoanzia ugenini. Kwa hiyo ni timu mbili pekee zinazoweza kupokezana duru nzima; 14 zilizobaki lazima zirudie nyumbani au ugenini angalau mara moja. Cha kulalamikia ni timu ileile kurudia ugenini mara tatu au nne.

*Tanzania inapata wapi nafasi nne za CAF? – Msomaji, Arusha*

Nchi 12 za juu kwa pointi za misimu mitano hupeleka timu mbili kila shindano, na mashindano ni mawili. Ligi ya Mabingwa: bingwa 6, fainali 5, nusu fainali 4, robo fainali 3, wa tatu kwenye kundi 2, wa nne 1. Kombe la Shirikisho: 5, 4, 3, 2, 1 na 0.5. Kisha msimu wa karibuni huzidishwa kwa 5, wa kabla yake kwa 4, hadi 1.

Tuhesabu 2020/21 hadi 2024/25. Msimu wa 2024/25 Simba walicheza fainali ya Shirikisho (4) na Yanga walikuwa wa tatu kwenye kundi la Ligi ya Mabingwa (2): 6 mara 5 ni 30. Msimu wa 2023/24 wote wawili walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa: 6 mara 4 ni 24. Msimu wa 2022/23 Yanga fainali ya Shirikisho, Simba robo fainali ya Mabingwa: 7 mara 3 ni 21. Msimu wa 2021/22 Simba robo fainali ya Shirikisho: 2 mara 2 ni 4. Msimu wa 2020/21 Simba robo fainali ya Mabingwa, na Namungo waliomaliza wa mwisho kwenye kundi la Shirikisho: 3.5. Jumla 82.5.

Msimu wa 2025/26 ukiingia kwenye hesabu, zile 3.5 zinafutika na nyingine zote zinapungua uzito: fainali ya Simba iliyokuwa na thamani ya 20 inabaki na 16.