Mwachie Mtoto Sufuria, na Mama Mkwe Umshukuru

"Shangazi, mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi ishirini na ninaishi Nakuru na mume wangu. Tangu Januari mama mkwe amekuja kutoka Vihiga kukaa na mtoto, kwa kuwa mimi hutoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi jioni. Badala ya kumpa mtoto vitu vya kuchezea nilivyomnunulia, humpa sufuria, vifuniko, mwiko, katoni na leso. Sebule yangu imegeuka jikoni na wageni wananicheka. Vitu vyenyewe nimevipanga juu ya kabati visiharibike. Nilimwomba mume wangu tumnunulie gari la betri la kukalia, la shilingi 18,000, akaniambia mtoto ana sufuria. Juzi nilimkuta na maharagwe makavu mdomoni. Nikimnyang'anya mwiko hulia na kumkimbilia nyanya yake. Naona mtoto wangu ananyimwa haki yake, na mume wangu amesimama na mamake. Je, nimwambie mama mkwe arudi kwake?"
Mama Aliyechoka, Nakuru

Mwanangu, pole kwa uchovu. Kuamka gizani, kumwacha mtoto akiwa bado amelala na kurudi jua likizama ni mzigo mzito kwa mama yeyote, nami siudharau. Pole yangu inakomea hapo, kwa sababu katika barua yako nimetafuta kosa la mama mkwe na nimepata moja tu, la maharagwe, ambalo nitalifikia kwa kuwa si dogo. Mengine yote uliyomshtaki nayo ni sifa zake.

Tuanze na hilo kabati. Umeandika kwa mkono wako kwamba vitu ulivyonunua umevipanga juu yake visiharibike. Mtoto wa miezi ishirini hafiki juu ya kabati, mwanangu. Hivyo vitu havichezewi na mtu. Vinatazamwa, na wanaovitazama ni wageni wale wale ambao kicheko chao kinakuuma zaidi ya kilio cha mwanao anaponyang'anywa mwiko. Halafu unamlaumu nyanya kwa kumpa mtoto kile kinachofikika! Angefanya nini, amweke mjukuu sakafuni mikono mitupu akitazama sanduku lililofungwa? Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, nami nakuomba uingie ndani ya sebule hiyo unayoionea aibu utazame kinachotendeka.

Jumamosi moja keti kimya pembeni umtazame. Atachukua kifuniko kidogo akiweke juu ya sufuria kubwa, nacho kitatumbukia. Atakitoa, atakitazama, atakirudisha, na kitatumbukia tena. Atajaribu kukisimamisha ubavu. Baada ya muda atakiacha na kuchukua kile kikubwa, na siku kitakapokaa sawasawa utamwona akiinua macho kumtafuta mtu wa kumwonyesha. Hapo amejifunza kikubwa na kidogo, ndani na nje, na kwamba jambo likikataa kwa njia moja hujaribiwa kwa nyingine. Akigonga sufuria kwa mwiko anasikia sauti moja, akigonga kwa kijiko cha chuma anasikia nyingine, na akigonga katoni sauti inakufa. Leso ikifunika kikombe, anaifunua kuhakikisha kwamba kikombe bado kipo. Gari la betri linafanya jambo moja tu, nalo ni kutembea kidude kinapobonyezwa. Mtoto hubaki abiria.

Usidhani haya ni mawazo ya wazee wa Vihiga peke yao. Elinor Goldschmied, mwalimu Mwingereza aliyefariki mwaka 2009, alitumia maisha yake kuwafundisha walezi wa watoto wadogo kuwawekea kapu lenye vitu vya kawaida vya nyumbani, vya mbao, chuma, kitambaa na ngozi, kisha mtu mzima aketi karibu bila kuingilia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, walichapisha uchunguzi wa watoto 36 wa umri wa kati ya miezi 18 na 30, umri wa mwanao kabisa, wakaona kwamba mtoto aliyewekewa vitu vinne alivichezea kwa muda mrefu zaidi na kwa njia nyingi zaidi kuliko alipowekewa kumi na sita. Na katika makumbusho ya The Strong yaliyoko Rochester, jimbo la New York, ambako vitu vya kuchezea vilivyotia fora hupewa heshima ya kudumu, katoni iliingizwa mwaka 2005, kijiti mwaka 2008 na blanketi mwaka 2011. Hiyo katoni unayoionea haya mbele ya wageni imewekwa kwenye orodha moja na midoli maarufu duniani.

Hapa kwetu hatukuhitaji makumbusho kutuambia. Magari ya waya yenye magurudumu ya vifuniko, mpira wa makaratasi uliofungwa kamba, mdoli wa gunzi la mahindi aliyebebwa mgongoni kwa kitambaa, kalongolongo nyuma ya nyumba kwa vikopo na udongo, na ajua iliyochezwa kwenye vishimo vilivyochimbwa ardhini, ndivyo vilivyolea watu wa Kakamega, Siaya na Kisumu ambao leo ni wahandisi na wauguzi. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kote nchini mwaka 2019, walimu wamekuwa wakiwaomba wazazi chupa, katoni na vifuniko vya soda ili watoto wajifunzie. Mwanao akifika darasa la awali utaombwa vitu hivyo hivyo unavyovifukuza sebuleni sasa.

Umetaja haki. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, kinamhakikishia mtoto haki ya kucheza. Kinalinda mchezo, hakisemi lolote kuhusu gari la shilingi 18,000. Kama kuna mtu nyumbani mwako anayeigusa haki hiyo, ni yule anayeingia jioni na kumnyang'anya mtoto mwiko. Naona uchungu wako hauko kwenye mwiko. Uko kwenye sentensi yako nyingine, kwamba mtoto akilia humkimbilia nyanya yake. Hilo linauma, na ni la kawaida kwa mama anayeshinda kazini, lakini halitaponywa kwa kununua kitu kikubwa kuliko sufuria. Ukirudi, nawa mikono, keti sakafuni, mpe kikombe naye akupe kikombe. Mtoto wa umri huo humfuata mtu anayekaa chini pamoja naye.

Sasa maharagwe. Hapa uko sahihi, na ungeandika barua nzima juu ya hili ningekuunga mkono bila kusita. Punje kavu ikiteleza na kuingia njia ya hewa hufura kwa unyevu na inaweza kumziba mtoto pumzi, kwa hiyo maharagwe, njugu, sarafu na vifungo visimkaribie kabisa. Chukua lile bomba la katikati ya karatasi ya chooni: kitu chochote kinachopenya ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto huyo. Ndoo yenye maji isiachwe wazi, hata maji yakiwa machache. Mafuta ya taa yasiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda, na mtoto akiyanywa asitapishwe, akimbizwe hospitalini. Tena panda kwenye hilo kabati lako ukague vile vitu vya betri, hasa vyenye betri ndogo za duara kama kifungo. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, na hapo hakuna kusubiri kuche. Kama kifuniko cha betri hakifungwi kwa skurubu, kitu hicho kitoke nyumbani. Mweleze mama mkwe haya yote kwa heshima, mkiwa wawili, bila kumtaja mume wako na bila sauti ya kukemea. Mwanamke aliyekuza watoto wake akafika kukulelea wako ataelewa neno la usalama haraka kuliko neno la aibu ya wageni.

Kuhusu mume wako, hukuniambia hizo shilingi 18,000 zingetoka wapi, nami nina wasiwasi kwamba hukuniambia kwa sababu hazipo. Ndoa nyingi za siku hizi zinavunjwa na sebule. Watu wawili wanaolipa kodi ya nyumba kwa shida wanakopa kwenye simu ili picha ya siku ya kuzaliwa ya mtoto ipendeze, kisha mkopo unapoiva wanageukiana, na mtoto ambaye sherehe ilikuwa yake anasikiliza matusi kutoka chumba cha pili. Mume anayesema hapana kwa gari la betri huku akilisha mkewe, mwanawe na mamake hajasimama na mtu dhidi yako. Amesimama na mfuko wa nyumba yenu. Angekuwa mlevi au mchoyo ungelitaja, maana wewe si mtu wa kuficha, na hukulitaja.

Fanya hivi wiki hii. Shusha vile vitu, chagua viwili vitatu visivyo na betri umpe mtoto, vingine gawa. Nenda sokoni ununue kikapu kipana, kifupi, cha kusimama chenyewe, mwachie mama mkwe akijaze: vifuniko, mwiko usio na vibanzi, vikombe vya plastiki vya kuingiliana, leso kuukuu, mkebe usio na makali. Wageni wakija kikapu kisukumwe pembeni, na sebule itabaki sebule. Yule atakayecheka mletee chai, na mazungumzo yaendelee.

Na mama mkwe harudi kokote. Bila yeye ungekuwa unamlipa mlezi kila mwezi na kushinda kazini na wasiwasi juu ya mtu usiyemjua. Chanda chema huvikwa pete; mwisho wa mwezi mnunulie leso mpya, nzuri, na umkabidhi wewe mwenyewe kwa mikono miwili. Ile kuukuu mjukuu wake ameshaichukua.