Barua kwa mwanangu: kuhusu wanafunzi wako na watoto wako

Likasi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Sauti uliyonitumia kwa WhatsApp nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, ya pili nikamwita baba yako naye asikie, ya tatu nikakaa nayo peke yangu barazani. Unasema chuoni kwenu wanaandaa orodha ya wanafunzi watakaotunza watoto wa wafanyakazi mchana na kuwasaidia masomo, na kwamba wasichana wawili wa darasa unalofundisha hawakungoja orodha. Wamekufuata wenyewe na wako tayari kuja bure. Unaniuliza uwapokee au la, na kama mtu wa miaka ishirini anaweza kuaminiwa na mtoto.

Nilitaka kukujibu kwa sauti vilevile. Lakini ndani ya jambo hili kuna kitu ambacho sijawahi kukuambia, na kwa sauti ningekiruka. Nimeshika kalamu. Mdogo wako atapiga picha kurasa hizi akutumie.

Jibu langu ni hili: mwanafunzi mpokee, lakini si hao wawili. Siwajui na siwadhanii ubaya. Ila mwisho wa mwaka utakaa mezani na karatasi zao za mtihani, kalamu mkononi, na hapo ndipo penye shida.

Hali yako naielewa. Mume yuko Kolwezi, anakuja mara mbili kwa mwezi. Bone aliyekuwa anakusaidia ameolewa. Watoto wanatoka shule saa sita na nusu, wewe una vipindi hadi saa kumi, na mkubwa yuko la sita, mtihani wa taifa unamngoja. Kama si goti la baba yako, ningekuwa nimeshapanda basi.

Sasa nikuambie. Unajua kwamba mwaka wangu wa pili Lubumbashi nilikaa kwa watu. Sikuwahi kueleza zaidi ya hapo. Baba wa nyumba ile alikuwa mfanyakazi wa chuo, na mwaka huohuo alikuwa ananifundisha somo moja. Jina lake siliandiki, wala la chuo. Ilikuwa 1986. Babu yako alikuwa ametoka kazi Gécamines, kampuni ya madini, poso ya chakula imekatika nyumbani, na pesa kidogo alizokuwa akinitumia zilinunua kidogo zaidi kila mwezi. Mama wa nyumba alinikuta nje ya kanisa. Maneno yake yalikuwa matamu: utakaa boyeri, hutalipa, jioni utawakalisha watoto wawili saa moja kwa ajili ya masomo. "Wewe ni mtoto wa nyumbani," akasema.

Boyeri unazijua, vile vyumba vya nyuma ambavyo Wabelgiji walijengea maboyi wao, watumishi wa nyumbani. Changu kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta. Nilifurahi nacho sana. Nilikuwa na ufunguo wangu.

Na kazi ile niliipenda, nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Mvulana alikuwa na miaka tisa, na kugawanya kulikuwa kumemshinda. Shuleni walimwambia kwa Kifaransa kwamba kuna kinachobaki, yeye akaandika kinachobaki kila mahali, hata pasipobaki kitu. Jioni moja nilikusanya vizibo vya bia ya Simba kutoka kwenye baa ya jirani, kumi na saba, nikamwambia awagawie watoto watano, kila mmoja sawa na mwenzake. Alichora duara tano kwa chaki kwenye sakafu, akaweka kizibo kimoja kimoja kwa zamu, akaenda mizunguko mitatu. Vikabaki viwili mkononi. Alivitazama muda mrefu, akaniuliza kwa Kiswahili: "Yaya, hivi viwili ni vya nani?" Nikamwambia si vya mtu, ndiyo maana tunaviandika pembeni. Akacheka kama mtu aliyefunguliwa mlango. Miaka thelathini na zaidi niliyosimama mbele ya ubao ilianzia kwenye sakafu ile.

Lakini saa moja ikawa mbili. Kisha ikawa kuwapokea watoto mchana, kwa sababu mama amechelewa sokoni. Kisha kuwaogesha, kwa sababu maji yametoka na kila mtu ana kazi. Kisha kulala ndani ya nyumba kubwa na mtoto mchanga wakisafiri. Hakuna aliyewahi kuniamuru. Kila mara niliombwa vizuri, "Yaya, tusaidie leo tu," na kila mara nilisema ndiyo. Ningesemaje hapana? Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wangu, na mwisho wa mwaka angekaa kwenye juri, kikao cha walimu kinachoamua matokeo.

Wiki ya mitihani wakapata kilio Kamina. Waliondoka usiku, wakaniachia watoto watatu kwa siku tatu. Siku ya pili nilikuwa na mtihani. Mtoto mchanga akaamka na homa, mwili unachoma, nikambeba mgongoni hadi zahanati, na saa ya mtihani ilinikuta kwenye foleni. Somo lile nililifanya sesheni ya pili, ya kurudia mitihani. Waliporudi walinishukuru sana, mama akaniletea kitenge. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu.

Kinachoniuma hata leo si sesheni ile. Ni somo la yule baba. Alinipa 14 kwa 20. Nilikuwa nimelisoma, nilijua nilichoandika, huenda nilistahili 14, huenda 16, huenda 10. Sijajua mpaka leo. Wenzangu darasani nao walitazama pointi ile, wakatazama ninakokaa, wakanyamaza. Nilimaliza chuo, nikafundisha, nikastaafu, na nikikumbuka 14 ile bado najiuliza kama ilikuwa yangu au ya vizibo. Wale wasichana wawili hata ukiwapa haki kamili watatoka darasani kwako na swali hilohilo, na wenzao watalibeba pamoja nao. Nawe vilevile. Siku mmoja wao akiandika vibaya, mkono wako utakuwa mzito. Siku mmoja wao akikuchelewesha kazini, je, utaisahau ukifungua karatasi yake?

Kuna jambo la maneno nimelifikiria jioni hii. Hapa kwetu Kongo yaya ni dada mkubwa au kaka mkubwa. Kwa Waswahili wa Tanzania na Kenya, yaya ni mlezi wa kulipwa. Mimi niliitwa yaya kwa maana ya kwetu na nikafanya kazi ya maana ya kwao, bila malipo ya maana hiyo. Anayesema atakuja bure, muulize anategemea kulipwa na nini. Mtu ana minervale, ile ada ya chuo, ana nauli, ana chakula. Mchana wake una bei hata kama hakuitaja.

Uliniambia pia kwamba wenzako wanatoa mfano wa Marekani, kwamba huko wanafunzi waliwatunza watoto wa watu bure wakati wa korona. Ni kweli. Wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Minnesota walijipanga Machi 2020, wakawa wanakwenda kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali ili wale waende kazini. Lakini tazama vizuri. Shule zilikuwa zimefungwa, kama zilivyofungwa kwetu mwezi uleule. Wanafunzi wale walijipanga wao wenyewe, hakuna mwalimu aliyekuwa amesimama mlangoni anawaomba. Msaada wa siku za moto ni mzuri, hata mimi mwezi ule niliwakalisha watoto wa majirani barazani na sikudai kitu. Wewe unatafuta mtu wa kila siku hadi mwisho wa mwaka. Hiyo ni kazi, ilipwe.

Kwa hiyo hiyo orodha ikiandikwa, omba jambo moja: asipelekwe mwanafunzi kwenye nyumba ya mtu anayempa pointi, anayekaa kwenye juri yake au anayesimamia kazi yake ya mwisho. Wewe tafuta wa kitivo kingine. Wa kilimo, wa sheria, yeyote ambaye karatasi yake haitafika mezani kwako. Kama wanasoma ualimu, vizuri zaidi, kazi hii itawafaa. Na hao wawili waite, uwaambie sababu waziwazi, wasidhani wamekukosea. Waambie waende kwa mwenzako asiyewafundisha, nawe upokee wa kwake. Hapo hakuna atakayepoteza.

Malipo mpatane kabla hajakanyaga nyumbani, na umpe mwisho wa kila wiki, mkononi mwake. Nauli iwe mbali na malipo. Siku ukichelewa saa moja, lipa saa hiyo bila kungoja akuombe, maana hatakuomba. Wiki za mitihani yake asije kabisa. Hizo wiki mwite shangazi yako wa Katuba, au mniletee watoto huku.

Tenganisha kazi mbili. Kumwangalia mdogo wa miaka minne ni kazi moja, kumkalisha mkubwa na hesabu ni nyingine, na ukimpa mtu mmoja zote mbili kwa saa ileile, zote zitaharibika. Mdogo alale kwanza ndipo mkubwa afungue daftari. Vyombo, nguo, na sakafu si kazi yake. Ukimkuta anaosha sahani kwa hiari yake, mzuie siku ya kwanza. Mimi nilianza na sahani.

Unauliza kuhusu kuamini. Mimi nilikuwa na miaka 21, na mtoto yule alipona mikononi mwangu, lakini hakuna aliyenionyesha kitu, yote ilikuwa bahati. Usiiachie bahati. Jumamosi mbili aje ukiwapo nyumbani, utazame anavyozungumza na watoto akidhani humsikii. Jua anakaa wapi, nani anamjua. Mlango wa sebule ubaki wazi, masomo yafanyike mezani, si chumbani, awe msichana au mvulana. Na watoto wako uwaambie leo, kabla hajaja, kwamba nyumbani kwetu hakuna siri kati ya mtoto na mkubwa yeyote.

Mwonyeshe namba zako na ya jirani, ziandikwe ukutani. Homa ikipanda akupigie na ampeleke zahanati, asimpe dawa ya kukisia. Na mbabula, jiko la makaa, nakusihi. Umeme unakatika, Juni na Julai Lubumbashi ina baridi, mtu akimhurumia mtoto ataingiza mbabula chumbani na kufunga madirisha. Sumu ya makaa yanayowaka huioni na haina harufu, nayo inaua watu wakiwa usingizini. Mbabula ikae nje, hata kama watoto wanatetemeka. Wape blanketi.

Kuhusu mkubwa wako, jambo moja tu la mwalimu mzee. Wanafunzi wa chuo wanapenda kuonyesha Kifaransa chao. Mtihani utakuwa wa Kifaransa, sawa, lakini mwombe amweleze kwanza kwa Kiswahili, mtoto arudishe kwa Kiswahili, ndipo waandike kwa Kifaransa. Nimeona watoto wengi wanaosoma ukurasa mzima bila kukosea na ukiwauliza wamesoma nini wanakutazama. Tangu 2019, shule za msingi za serikali zilipofanywa bure, madawati ya watoto wawili darasani kwangu yalikaliwa na wanne, na sikuweza tena kumfikia kila mmoja na kumuuliza. Nilifurahi kuona wale waliokuwa wanarudishwa nyumbani kwa ada wameingia, na nililia kwa sababu siwafikii. Saa moja ya mtu mmoja na mtoto mmoja ni kitu kikubwa, mwanangu. Hata wale wadogo wa huyo mwanafunzi, huko alikowaacha, wangeihitaji. Ndiyo sababu nyingine ya kumlipa vizuri.

Nimechelewa kulala. Baba yako anasema niandike kwamba goti limepungua, lakini nimemwona akishuka ngazi na halijapungua. Kesho nampa dereva wa basi la asubuhi mfuko wa unga, sombe (majani ya muhogo) iliyotwangwa, na kopo la maziwa la zamani lililofungwa kwa kitambaa. Upokee kabla ya saa sita, sombe isiharibike. Ndani ya kopo mna vizibo. Ni vyangu vya darasani, nimevihesabu, ni arobaini na vitatu. Mpe huyo mwanafunzi akishaanza, umwambie namba yangu ya simu anipigie jioni akipenda, nimweleze vinavyotumika.

Mama yako